Mama Neema Alipohamia Sauti ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika usharika mdogo wa Chole, Kisarawe, nilianzisha wimbo niliotunga mwenyewe juu mno. Kabla ya kuimba, mwalimu wa kwaya hutoa do, yaani sauti ya msingi ambayo waimbaji wote hujipimia. Kwa woga, do yangu ilipaa. Kufika ubeti wa pili, kina mama wa sauti ya kwanza walikuwa wamenyamaza wote. Mchungaji aliniita pembeni akaniuliza, bila kucheka, "Mwalimu, wimbo huu umewatungia watu au ndege?"

Nilidhani ananikejeli. Miaka sita niliyokaa Chole niliandika nota za do-re-mi kwa mkono, sauti zote nne, lakini nilitunga nilivyotaka mimi, kisha nikawalaumu waimbaji.

Baadaye Mkuu wa Jimbo wa kanisa letu alinihamishia Kibaha. Huko tegemeo letu lilikuwa Mama Neema, karani wa ofisi moja ya serikali, kiongozi wa sauti ya kwanza. Tulikuwa tukijiandaa kwa mashindano alipofanyiwa upasuaji wa rovu shingoni. Alipona, ila sauti ya juu haikurudi. Akaja mazoezini ameshika sare yake, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Nairudisha, Mwalimu," akasema. "Nikikaa humu bila kuimba nitaumia zaidi."

Nilimwomba atoe do, halafu ashuke taratibu. Alishuka, akazidi kushuka, na kule chini nikakuta sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, iliyotulia. Wakati huo sauti ya tatu, ile ya wanaume tunayoiita teno, ilikuwa imebaki na watu wawili. Wengine walikuwa wakiingia zamu viwandani Zegereni. Nikamwambia akae na sare yake mpaka Jumamosi. Siku hizo nne niliiandika upya sauti ya tatu yote, nikampa yeye kuanzisha wimbo.

Mwenyekiti wa kwaya alikataa. Alisema mwanamke akisimama safu ya wanaume tutachekwa na jimbo zima. Mama Neema alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba, nisikie kwanza," akamwambia. "Ukicheka, nitaondoka mwenyewe."

Akaimba ubeti mmoja. Mwenyekiti hakucheka. Alinyanyua kiti, akakiweka katikati ya wale wanaume wawili, akamkaribisha.

Mashindano hatukushinda. Lakini wiki iliyofuata kina mama wengine wawili, waliojibana miaka yote katika sauti ya pili, waliomba kuhamia teno.

Sasa nimestaafu, na vijana bado hunipigia simu wakitaka nyimbo. Huwa nawaambia waje wenyewe. Mwezi uliopita walikuja tisa kutoka Gwata, bila hata mwimbaji mmoja wa besi, ile sauti ya nne ya chini kabisa, na kiongozi wao akaniomba radhi kwa uchache wao. Nikawapa viti, nikachukua karatasi na kalamu.

"Imbeni chochote mnachokipenda," nikawaambia. "Nataka kwanza niwajue."