Mikono Iliyotoa Daftari

Kuna Jumapili moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa miaka imepita na mengi nimeyasahau. Ilikuwa Saint Paul, Marekani, ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Sisi Wakongo tulikuwa bado wageni, tukisali alasiri katika ukumbi wa kanisa la Wamarekani baada ya wenyewe kumaliza ibada yao. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Siku za kazi nilipakia mizigo ghalani. Jumamosi nilisoma chuo kidogo cha Biblia, na kwa ajili ya chuo hicho nilijiona nimekwisha kuwa mtu.

Huko ndiko nilikosoma habari za Wadonati. Walikuwa Wakristo wa Afrika ya Kaskazini, zamani za Warumi. Kaisari mmoja aliwatesa waumini, akaamuru Maandiko yao yachomwe, na baadhi ya maaskofu, kwa kuogopa kifo, wakayatoa kwa mikono yao wenyewe. Amani iliporudi, Wadonati wakasema: mtu aliyetoa Maandiko amejifuta, ubatizo wake si ubatizo, na mkate anaoumega si kitu. Waliobatizwa na watu kama hao wakabatizwa upya. Kanisa likapasuka, mji mmoja ukawa na maaskofu wawili. Nilisoma nikawapenda. Niliwaona watu wasiopindika. Kurasa zilizoeleza mambo yalivyoishia nilizipitia haraka haraka, maana kijana husoma anachokitaka.

Kanisani kwetu alikuwako mzee mmoja mkimya, Papa Sadoki, aliyekuwa mwalimu wa dini kijijini huko Fizi, Kongo, kabla ya vita. Ndiye aliyegawa mkate siku za Meza ya Bwana. Na mimi, yeye ndiye aliyenipa koti langu la kwanza la baridi, akalivua mwilini mwake.

Ikaja familia mpya kutoka kambini Tanzania. Baba wa familia akamtambua, akaanza kunong'ona. Kwamba wenye silaha walipoingia kijijini, Sadoki ndiye aliyewapa daftari la kanisa, lenye majina ya waumini na nyumba zao. Kwa daftari lile waliwatafuta vijana wa kiume mlango kwa mlango, wakawachukua. Wengi hawakurudi.

Sikwenda kumwuliza mzee. Nilingoja Meza ya Bwana. Alipofika mbele yangu na sahani, nilisimama, nikasema watu wote wasikie: "Mikono iliyotoa daftari haiwezi kunipa mkate."

Mchungaji akamwuliza kama ni kweli. Papa Sadoki aliirudisha sahani mezani polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Ni kweli," akasema. "Nilitoa."

Akachukua kofia yake, akatoka. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi ulimi ulikuwa umekwisha kujikwaa, nami nikadhani nimepiga hatua.

Vijana ambao Papa Sadoki aliwafundisha na kuwabatiza wakataka kubatizwa upya. Mchungaji akakataa, nasi tukatoka, tukapanga ukumbi kule Blaine, mji wa pembeni, wasio na gari wakiomba lifti kila Jumapili. Mchungaji naye hakuwa mpole. Alibadilisha kufuli, akaweka mtu mlangoni, akatangaza kwamba atakayetusalimu atatengwa. Binti mmoja wa upande wetu alizuiwa mlangoni siku ya arusi ya dada yake, akabaki nje kwenye baridi na zawadi mkononi.

Hapo ndipo nilipozirudia zile kurasa. Makaisari waliofuata walikuwa Wakristo, na ndio waliotuma askari juu ya Wadonati, wakawanyang'anya makanisa na kuwatoza faini. Hata askofu mmoja msomi, ambaye mwanzoni hakupenda watu walazimishwe, aliishia kuitetea nguvu hiyo. Watu walikufa. Walioshinda walipata majengo, ndugu hawakuwapata. Lakini unadhani nilijifunza? Kufuli la mchungaji lilinifanya nijione shahidi wa imani.

Miezi ikapita. Siku moja Mama Furaha, mjane aliyefanya usafi hospitalini, aliniomba nimpeleke mji wa Woodbury baada ya kazi. Alipakata sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu. Njiani nikafahamu kwamba tunakwenda kwa mpwa wa Papa Sadoki, alikokuwa akiishi mzee. Nikamwambia nitamfikisha mlangoni, lakini mimi siingii.

Akauliza, "Mwanangu, wewe katika daftari lile ulipoteza nani?"

Nikasema sikupoteza mtu. Kwetu kulikuwa kijiji kingine.

"Mimi jina la Elia wangu lilikuwamo," akasema. "Siku ile watoto walikuwa kanisani wakifundishwa. Wale watu waliwalaza sakafuni, wakamwambia Sadoki: daftari, au hawa. Furaha wangu alikuwa pale chini. Mtoto wangu mmoja daftarini, mmoja sakafuni. Niambie basi, wewe uliyesoma. Angetoa nini?"

Hakulia. Akaniambia kwamba miaka mitatu alikuwa akila mkate kutoka mkono ule, akijua. Kila mzee alipofika mbele yake alisita na sahani, na kila mara yeye alipokea, akala.

"Ndivyo tulivyokuwa tukilia pamoja," akasema. "Wewe ukatunyang'anya."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilifika, akashuka na sufuria yake, nami nikabaki garini injini ikiunguruma. Nilisema naona haya, lakini kilikuwa kiburi. Nikajiambia nitarudi Jumamosi, nikiwa nimeyapanga maneno. Jumamosi ile theluji ilifunga barabara. Iliyofuata niliitwa kazini. Ya tatu nilipokwenda, Papa Sadoki alikuwa amepigwa na kiharusi. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema yote. Macho yake yalikuwa darini. Mpwa wake aliniambia kwamba kuna siku alisikia na kuna siku hakusikia. Mpaka leo sijui yangu ilikuwa siku ipi.

Alikufa kabla theluji haijayeyuka. Mchungaji akasema huyo ni kondoo wake, atamzika yeye. Watu wetu wakasema mazishini watakuja, ila hawataitikia maombi ya mchungaji. Nilijaribu kuwasihi, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na mmwagaji ni mimi. Yule mpwa akachoka, akamwita mchungaji wa Kimarekani wa mtaa wake. Papa Sadoki akazikwa kwa maombi ya Kiingereza, lugha ambayo hakuijua, nasi tumesimama makundi mawili. Mama Furaha peke yake alisimama ukingoni mwa kaburi. Alianzisha wimbo kwa Kibembe, lugha ya kwao Fizi, akauimba mpaka mwisho bila kuitikiwa.

Mwanangu, sikuambii ubaya uitwe wema. Daftari lilitolewa, na watoto wa watu walikufa; hilo halifutiki, na yeye mwenyewe hakulikana. Ninachokuambia ni kwamba kabla hujamhukumu mtu, mwendee faraghani umwulize kwa nini, kisha usikilize mpaka amalize. Kidonda cha mwenzio usikifanye mkuki wako; mwenye kidonda yupo, mwulize yeye anataka nini. Siku ukipewa funguo za nyumba ya Mungu, usidhani kufuli hulinda kweli. Na ukijua umekosa, nenda siku hiyohiyo, hata kama huna la kusema.

Mungu akupe ulimi mzito na miguu myepesi. Akufikishe kwa uliyemkosea angali anasikia. Amina.