Gogo Lililotoa "Damu" Sebuleni kwa Mama Mdogo

Mwaloni, kwenye soko la samaki, niliwahi kuambiwa kwamba ubao wa mtumbwi uliozama na mtu hutoa damu ukirudishwa majini. Nikaamini mia kwa mia, mimi mwenye cheti cha masomo ya jioni ninachokitaja hata nikiagiza sato.

Baba mdogo, Baba Neema, alizama ziwani akitoka Nansio, na mwili haukupatikana. Mama mdogo alibaki peke yake Nyegezi, nikamnunulia tangi la samaki limchangamshe. Ili lipendeze, nikatia kipande cha gogo nilichookota ufukweni. Kesho yake maji yote yalikuwa ya kahawia. Mimi niliona damu ya bucha nzima.

"Mama, huyu ni baba mdogo," nikamwambia kwa sauti ya kuhutubia taifa. "Mtumbwi wake umerudi."

Hakubisha. Alikaa chini, akavua hereni, akalia kama ndiyo kwanza anapewa habari. Kufikia jioni turubai lilishafungwa uani, na wazee wanajadili kulizika lile gogo ili baba mdogo naye apate kaburi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimweleza kila anayeingia, na kila nikieleza, damu iliongezeka.

Akaja kutoa pole bwana aliyeniuzia wale samaki. Akachota maji kwa glasi, akanusa.

"Kijana, hili gogo hukulichemsha kwanza?"

"Nimchemshe marehemu?"

Mama mdogo akainua uso. "Kwa hiyo si Baba Neema?"

"Si yeye, mama," yule muuza samaki akamjibu. "Ni mti tu, usipochemshwa unatoa rangi kama majani ya chai. Pole sana."