Nyaya zilivyotushukia ndani ya moshi, Mbeya miaka ya sabini

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni bibi wa watu, humu huwa napita nasoma na kuondoka. Ila juzi kwenye uzi wa umeme kuna mmoja kaandika kwamba kibanio cha waya ni kibanio tu, piga chochote mradi waya usining'inie. Mwili ulinisisimka.

Nawasimulia kilichonipata mimi mwenyewe. Sitii chumvi, maana chenyewe kinatosha.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilitoka kwetu Iringa nikiwa msichana, nikapata kazi Mbeya mjini kwenye karakana ya ushonaji, ghorofani. Tulishona sare za shule.

Rafiki yangu pale alikuwa Tuli, Mnyakyusa wa Tukuyu, mjamzito, tumbo limeshaonekana. Msimamizi wetu aliitwa Bwana Sanga, mkata vitambaa, mtu mzima na mpole. Alituita "wanangu" hata akiwa amekasirika.

Njia ya kutokea ilikuwa moja tu: korido ndefu mpaka kwenye ngazi. Katikati ya korido kulikuwa na mlango wa chumba cha pasi.

Zilipokuja cherehani za umeme, fundi alipitisha nyaya mpya juu ya korido yote, fungu nene, akazishika kwa vibanio vya plastiki. Vya chuma vilikuwa vimeadimika madukani. Tukasifia kazi, imenyooka, inapendeza.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Baridi la Mbeya mnalijua, madirisha tulikuwa tumeyafunga yote.

Tukasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Hatukushtuka, mara ngapi mtu ameunguza sare kwa pasi?

Kisha moshi ukaingia kwa chini ya mlango wa karakana yetu. Mweusi.

Bwana Sanga akafungua, akachungulia, akarudi uso umebadilika. "Chumba cha pasi kinawaka. Inameni, pitieni chini chini ukutani. Tokeni sasa hivi!"

Wenzetu wakatoka mbio. Tuli hakuweza kukimbia, nikabaki naye. Bwana Sanga akasema, "Tangulieni wanangu, niko nyuma yenu."

Tukatambaa. Taa zilikuwa zimezimika, sioni hata mkono wangu. Tulipoupita mlango wa chumba cha pasi joto lilinipiga shavuni kama nimefungua tanuri. Kuna kitu kilikuwa kinadondoka juu ya mgongo wangu, tone tone, kinaunguza. Sikujua ni nini.

Halafu dari likatushukia.

Ndivyo nilivyodhani. Kumbe ni zile nyaya. Fungu zima liliachia kwa mpigo likatuangukia, likajitawanya. Moja shingoni, nyingine kwapani, nyingine imenasa miguu. Nikivuta huku, kule kunakaza.

Wakuu, moto naogopa kama mtu yeyote. Lakini hofu ya pale ilikuwa nyingine. Taa zimezimika, sawa, lakini umeme umekatwa au ni taa tu zimeungua? Nimevikwa nyaya mwili mzima na sijui kama zina umeme ndani yake.

Nikaganda. Nikahisi nikipumua tu zitanirusha.

Mfukoni mwa sweta nilikuwa na mkasi wa kazi. Nikautoa. Tuli akausikia unalia, akapiga kelele, "Usikate! Dada, usikate, tutakufa!"

"Sasa nifanyeje?"

"Vua! Vua nguo!"

Nikavua sweta, nikachana gauni, nikajichomoa kama ng'ombe anavyochunwa. Nyaya zikabaki na nguo zangu. Tuli zilimnasa mkono tu. Nilivuta na yeye akavuta, ngozi ikabaki kule, lakini akatoka.

Nyuma yetu nikamsikia Bwana Sanga anakohoa. Akaniita jina langu mara moja. Kisha akasema, "Nendeni."

Tuliteremka ngazi kwa makalio. Nikatokea barabarani nimevaa petikoti, watu wamejaa, mvua inaninyeshea, wala sikuona aibu. Nilipiga yowe tu, "Bwana Sanga yumo ndani!"

Wanaume wawili walijaribu kupanda, moshi ukawarudisha.

Walipomtoa alikuwa ameshafariki. Moto haukumgusa. Ni moshi, na zile nyaya zilizomzunguka mabegani akihangaika kutoka.

Kesho yake fundi aliyefunga nyaya alikuja. Alishika kipande cha waya kilichokutwa koridoni, akakigeuza geuza, akaanza kulia mbele yetu. "Waya mzima," akasema. "Angalia, mzima kabisa. Kilichoachia ni vibanio. Vimeyeyuka kabla ya waya kuungua." Yale matone mgongoni mwangu ndiyo yalikuwa hayo. Makovu ninayo.

Mjane wa Bwana Sanga alituuliza neno moja tu msibani: alisema nini mwishoni? Tuli akamjibu, "Alitutanguliza, mama."

Tuli alijifungua salama, mtoto wa kike. Mimi nikarudi Iringa, nikapata kazi ya kushona kwenye bweni la wasichana. Siku ya kwanza naingia koridoni nikainua macho. Nyaya darini, vibanio plastiki tupu. Nikakaa chini palepale.

Matroni akadhani naumwa. Nikamweleza. Akamwita fundi, Mhehe mmoja mcheshi, naye akawasha kiberiti chini ya kibanio kimoja alichokuwa nacho mfukoni. Kikapinda, kikadondoka. Ucheshi ukamwisha. Matroni akasema, "Toa vyote."

Vikawekwa vya chuma, vimefungwa kwa skrubu, korido nzima.

Bweni lile halikuwahi kuungua mpaka naondoka. Wale wasichana walipita chini ya nyaya zile kila siku wakicheka, hakuna aliyeinua macho. Nilipenda hivyo.

Nilichojifunza: mnapojenga msiulize waya tu. Ulizeni kinachoushikilia, hasa kwenye njia ya kutokea. Kikiwa ni plastiki peke yake, moto ukija kitaachia, na nyie mtakuwa chini yake.

Mafundi mliomo humu, siku hizi mnafunga na nini koridoni? Semeni ukweli, nasoma comment zote.