Mzee Niliyempaka Nyeusi

Katika filimu sita alizocheza, yule mzee alikufa katika tano. Ya sita alikuwa padri, na mwenyewe alisema hawakumuua kwa sababu damu ya bandia iliisha.

Tulimjulia saluni, hapa katikati ya mji wa Durban, mahali nanyolea watu. Binti yake iko na kaduka ka simu mlango wa pili, kadogo mpaka kivuli chake mwenyewe kinalala nje. Kwa hiyo kila asubuhi mzee anashuka taxi kutoka Sydenham, anakuja kuketi kwenye benchi letu, mguu juu ya mguu, koti na kitambaa shingoni, kama mtu anayengojea pazia lifunguliwe. Miaka arobaini alicheza teatri kwa Kifaransa: Bujumbura, Lubumbashi, mpaka Ubelgiji. Alicheza mfalme, alicheza daktari. Durban, Kifaransa chake kilibaki na kazi moja, kutuagiza chai, na sisi tulimletea iliyopoa.

Mteja akichoka kungoja, namwambia mzee, "Papa, kufa kidogo." Basi anakufa. Anashika kifua, anateleza polepole toka benchi mpaka chini, jicho moja wazi. Watu wanapiga makofi, na mimi nachukua ufagio namsukumia nywele za wateja juu ya tumbo, ndiyo udongo wa kaburi. Anaamka, anajipangusa, anainama kidogo mbele ya watu.

Siku moja nilikuwa naongea Kifaransa changu na dada mmoja aliyeleta mtoto kunyolewa. Mzee akaniuliza, mbele ya dada, niliachia shule darasa la ngapi. Nikasema la sita.

"Inasikika," akasema, akarudi kusoma gazeti.

Dada alicheka mpaka mtoto naye akacheka, na wembe wangu juu ya kichwa chake. Eish. Nikamwekea mzee kinyongo.

Haikupita mwezi akaingia asubuhi bila kusalimia. Kuna watu walikuwa wanapiga filimu Queensburgh, wanatafuta babu mwenye nywele na ndevu nyeupe anayeongea Kifaransa. Waliona picha yake, wakamwita mchana ule. Miaka tisa hakuwa amecheza kitu, ukiacha kule kufa kwake saluni kwetu. Akaniambia binti yake huwaelezea wateja kwamba baba alikuwa mtu mkubwa zamani.

"Nikipata hii, mwanangu hatasema tena zamani."

Akaomba nimsawazishie ndevu tu. Weupe niuache.

Sasa, sisi wageni wa mji huu tuko na desturi yetu. Ukienda kuomba kazi, unapita kwanza saluni unapakwa nyeusi. Mlinzi, mpishi, hata mchungaji anayetafuta kanisa. Nani ataajiri mvi? Mzee aliona wengi wakipakwa kwenye kiti changu, wakirudi wiki inayofuata na kazi. Hapo ndipo nilipomnasia.

"Papa, hao wanasema mzee kwa mdomo tu. Wakiona mzee wa kweli wanaogopa atawafia katikati ya kazi."

Akajiangalia kwenye kioo muda mrefu. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia hapa Durban mimi ndiye mwenyeji. Akafunga macho, akanipa kichwa.

Nilijua. Sitasema sikujua. Nilipaka nywele, ndevu, nikamalizia nyusi, na wateja wanauma midomo wasicheke. Alipofungua macho alifanana na kiatu cha harusi. Akaniuliza iko sawa? Nikamjibu sharp, Papa, safi kabisa. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, akanibariki.

Alirudi kabla hatujafunga. Tukamuuliza. Akasema mama mmoja wa hao watu wa filimu aliangalia picha, akamwangalia yeye, akamuuliza kama ni mtoto wa yule babu, na baba anakuja saa ngapi. Nafasi walimpa mlinzi wa geti lao, Mkongo, hajawahi kukanyaga teatri. Lakini ndevu alikuwa nazo, nyeupe kama chumvi.

Saluni ikacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Mzee akasimama. Akashusha bega moja, akavuta midomo, akachukua mashine yangu ya kunyolea, na nikamwona kinyozi anazunguka kiti, anajipendeza kwa wanawake, anavunja Kifaransa, anacheka mwenyewe kabla ya mzaha wake kuisha. Kicheko kilikuwa changu kabisa, kile cha mbuzi. Sikuwahi kujua kama nacheka vile. Watu walilia machozi, mmoja akakaa chini sakafuni. Hakuna aliyenitazama mimi. Walikuwa wananitazama kwake.

Anakuja bado, kila asubuhi. Hakuna tena anayemwambia afe. Wanamwambia, "Papa, fanya kinyozi." Nimemwomba mara ngapi nimnyoe ile rangi itoke. Anakataa. Mvi zinaota chini, nyeusi iko juu, na kila mteja mpya akiuliza nani alimharibu hivyo, mzee anashusha bega moja.