Ukurasa wa Pili

Kwa miaka kumi na tisa, kazi ya karani huyu wa jeshi ilikuwa kuwaambia watu kwamba hawakuona walichokiona. Raia akiona kitu cha ajabu angani huandika barua, na barua hutua mezani kwake. Yeye alitazama mistari miwili tu ya mwanzo, saa na upande, kisha akachagua jibu moja kati ya matatu yaliyokwisha kuandaliwa. Mwanga wa jioni upande wa magharibi ulikuwa sayari ya Zuhura. Unaosogea ulikuwa ndege ya abiria. Cha mchana kilikuwa puto la hali ya hewa. Chini ya yote: "Hakuna hatari. Faili limefungwa." Wenzake walimtania wakimwita Mama Zuhura, naye jina likamkaa, maana hakuna faili lililowahi kulala wazi mezani kwake, na kapteni, mkuu wa ofisi yao, alimsifia kwa hilo.

Siku moja ikaja barua ya mdogo wake, fundi baiskeli. Mwandiko aliujua kabla hajafungua bahasha, na uso ukamshuka. Alishawasikia wenzake wakizicheka barua za watu hadi machozi yakawatoka. Sasa angechekwa ndugu yake. Akatazama mistari miwili ya mwanzo: saa moja jioni, magharibi. Akapiga chapa jibu la Zuhura haraka haraka, akagonga muhuri, akalituma, na barua akaitumbukiza kwenye faili. Eti anamsitiri.

Wiki mbili baadaye wifi yake alipiga simu. Kitu kilikuwa kimemlipukia mumewe nyuma ya karakana, na madaktari wameukata mkono wa kulia kwenye kiwiko.

Ndipo karani akaitoa barua na kuisoma kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na kurasa mbili. Mwanga ule, fundi aliandika, uliangukia nyuma ya karakana. Ni chuma kirefu kiasi cha pampu ya baiskeli, amekifunika kwa turubai na kuwakataza watoto wasisogee. "Dada, sina mwingine wa kumwuliza. Ukiniambia hakuna hatari, nitakiondoa."

Akampelekea kapteni. Wiki ile mwanga ulipoonekana, kikosi chao kilikuwa mazoezini kikirusha makombora ya kuangaza, na hakuna aliyekuwa halijui hilo pale ofisini. Watu gani hawa, hata chuma chao wenyewe hawakioni! Kapteni alisoma, akauchomoa ukurasa wa pili, akautia kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo.

"Huu haukufika," alisema. "Ukifika, wa kwanza kuulizwa ni wewe."

Hospitalini alimkuta mdogo wake ameegemezwa mito, bandeji hadi begani. Hakulalamika. Aliuliza jambo moja tu.

"Dada, ukurasa wa pili uliuona?"

Njia nzima karani alikuwa amejiapiza kusema kweli. Sasa mkojo wa hofu ulimbana kama mtoto. Akajibu kwamba ilifika karatasi moja tu, nyingine labda ilipotea posta.

Fundi akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaushika mkono wa dada yake kwa ule mmoja uliobaki.

"Nilimwambia mke wangu," alisema. "Nilimwambia, dada yangu hawezi kuisoma ile halafu akanijibu vile."