Ulimi Mwekundu wa Fahima

Shangazi Rukia akipika mabuyu, mtaa mzima wa Kibokoni hujua. Sukari huchemka na iliki na pilipili, rangi nyekundu ikamiminwa, mbegu za mbuyu zikakorogwa humo, na harufu ikapanda ngazi hadi chumbani kwangu bila hodi. Wengine hutokwa na mate. Mimi, na miaka yangu kumi na sita, kwanza hujipapasa ulimi.

Nitawaambia kwa nini, lakini yasifike shuleni. Huko nina jina la uchekeshaji la kulinda.

Nilikuwa na miaka kumi. Zilibaki siku tatu tu kufika Idi ya Haji, na Shangazi alikuwa ameanika sinia la mabuyu ya wageni. Nikaonja. Nikaonja tena, kuhakikisha. Kuja kuzinduka, sinia limeota upara. Mabuyu yana ubaya mmoja: hukushtaki yenyewe, maana ulimi hubaki mwekundu. Nikajifungia msalani na dawa ya meno, nikasugua mpaka machozi yakanitoka. Kisha, kwa ukarimu mkubwa, nikampa Fahima mabuyu mawili. Fahima ni bintiye Shangazi. Wakati huo alikuwa na miaka sita, na machoni pake mimi nilikuwa mtu mzima mwenye busara.

"Toeni ndimi!" Shangazi akaamuru.

Wangu ulikuwa safi kama wa paka. Wa Fahima uliwaka kama taa ya breki.

"Ni Zuhura kanipa," akasema, huku analia.

Sikuapa, maana kuapa uongo ni dhambi. Nilinyanyua mabega tu. Hukumu ikatoka: Fahima hatakwenda uwanja wa Makadara kwenye bembea za Idi.

Kesho yake shuleni, Bi. Mutheu, mwalimu wetu wa Kiingereza, Mkristo wa kutoka bara, alitusomea hadithi ya zamani ya Kimarekani. Mzee mmoja wa kanisa, aliyesali kwa sauti kuliko wote, aliunguza ghala la kijiji kwa taa yake. Akanyamaza, na mfanyakazi wake akafukuzwa kijijini kwa kosa hilo. Miaka mingi baadaye, yuko kitandani anakufa, mzee akaungama kwa Mungu, akatabasamu, akakata roho. Basi, imekwisha.

"Je, alisamehewa?" Bi. Mutheu akatuuliza.

Darasa likagawanyika vipande viwili, wala si kwa dini. Lakini mwenye haja na jibu nilikuwa mimi. Nikaazimia nilipate kabla ya Idi, tena liwe la ndiyo: Mungu anisamehe kimyakimya, Shangazi asijue.

Alasiri madrasa, Maalim Badi aliuliza nani ana suali. Nikanyoosha mkono.

"Maalim, kuna hadithi nimeisikia."

Uso wake ukanawiri. Miaka miwili suali langu lilikuwa moja tu, saa ya kwenda nyumbani. Akaiweka kofia sawa. "Mashallah! Imepokewa na nani?"

"Na Bi. Mutheu, Maalim."

"Bi. nani?"

"Mutheu. Wa Machakos."

Madrasa nzima ikaangua kicheko. Yeye alingoja hadithi ya Mtume, mimi nimemletea ya ghala la Marekani. Hata hivyo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na yule mfanyakazi," akasema, "mzee alimwendea?"

"La, Maalim. Alimwomba Mungu tu."

"Haki ya Mungu huombwa Mungu. Haki ya mtu je? Naye mwenye haki yu hai?" Akanitazama sana. "Kwani wewe, Zuhura, ghala lako liko wapi?"

Nilirudi nyumbani kama mtu aendaye kudungwa sindano, lakini nilikwenda. Nikasimama mbele ya Shangazi, nikasema yote, hata dawa ya meno. Hakunipiga.

"Haya. Fahima atakwenda. Wewe utabaki ukoroge."

Siku ya Idi, nguo mpya mwilini na mwiko mkononi, nilikoroga mabuyu hadi bega likafa ganzi, nikijiona nimebakisha kidogo tu niwe walii.

Juzi harufu ile iliponipandia tena, ndipo nilipong'amua. Siku ile nilimwendea Shangazi, mwenye sufuria na ruhusa ya bembea. Fahima sikumwambia hata neno. Yule mzee naye alifanya vivyo hivyo: alimkimbilia mkubwa, akamruka mwenye haki, kisha akatabasamu. Mimi nilikuwa nimetabasamu miaka sita.

Nikashuka ngazi kabla sijapata mzaha wa kujiokoa. Fahima alikuwa akifunga mabuyu kwenye mifuko.

"Fahima, nisamehe. Yale mabuyu ya Idi."

Hakuuliza yapi.

"Toa ulimi," akasema.

Nikautoa. Akauchunguza mbele na pembeni, kama mamake siku ile. Kisha akaweka buyu moja juu yake, na jingine, na jingine, mpaka mdomo ukanijaa.

"Mama!" akaita. "Ndoo hapa uone ulimi wa Zuhura!"

Nikasikia ndara za Shangazi zikija. Msalani palikuwa hatua tatu tu, na dawa ya meno iko pale pale. Nikakaa papo hapo, nikimngoja.