Debe Sitini, Magunia Ishirini na Mawili

Kompyuta ilikuwa moja tu ofisini kwetu Singida mjini, na mwenye kuijua nilikuwa mimi. Wiki mbili za mafunzo Dodoma, basi nikarudi na kichwa kikubwa, hata salamu za wenzangu naitikia nusu nusu.

Soko lilikuwa limeshafunguliwa, kila mtu anakamua alizeti yake na kuuza mafuta anakotaka. Mradi wetu ulileta mashine tano za kukamulia kwa mkono, wapewe wakulima watano waliovuna zaidi. Nikachapa majina na mavuno, nikaiamuru kompyuta ipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, nikachukua mistari mitano ya juu. Dakika moja tu! Nikaipeleka orodha kwa bosi, aisaini saa sita.

Saa sita kasorobo akaingia mama mmoja wa Ihanja, mjane.

"Shikamoo mama. Karibu kiti."

"Marahaba mwanangu. Kiti baadaye. Jina langu lipo?"

Halikuwepo. Alizeti yake ya mwaka uliopita ilikuwa imeliwa na panya akisubiri mashine ya watu.

"Kompyuta haikosei, mama," nikamwambia. Mdomo wangu huu!

"Wa kwanza nani?"

Nikamtajia. Akashika kiuno. "Jirani yangu yule? We! Shamba lake si limeliwa na mbuzi? Kavuna debe sitini, nimemsaidia kupima mwenyewe. Mimi magunia ishirini na mawili."

Nikazivuta fomu. Kwenye fomu kulikuwa na safu ya kipimo, debe au gunia. Sikuichapa, niliona inanipotezea muda. Kompyuta ikaona sitini na ishirini na mbili, basi.

Nikakimbia kwa bosi. Kalamu ilikuwa mkononi, lakini wino ulikuwa haujagusa karatasi. Alhamdulillahi! Nikaichukua karatasi, nikarudi, nikageuza kila gunia kuwa debe sita, nikapanga upya. Mistari mitano ya juu ikabadilika yote, na yule mama akawa wa tatu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kwa jinsi nilivyopumua.

"Nisomee tena," akasema.

Nikamsomea mara tatu. Mara ya tatu akavuta kiti, akakaa, akavua kandambili. Kumbe alikuwa amesimama kwenye lori tangu Ihanja.

"Sasa," akasema, "miguu ndiyo inaanza kuuma."